Peji ina wafuasi 8,000 lakini Jumamosi uwanja mtupu: timu kubwa za raga zinafanyaje mtandaoni?

Swali:

"Habari za kazi. Mimi nilicheza raga mpaka goti likakataa na sasa ndio nashika peji za klabu yetu. Tuko pwani, sio klabu kubwa, wachezaji hawalipwi zaidi ya nauli na chakula. Facebook tuna wafuasi kama 8,000, Instagram 3,000 na kitu, TikTok ndio tumeanza juzi. Kila wiki naposti posta ya mechi, naposti matokeo, napata laiki ishirini thelathini, na nyingi ni za wachezaji wenyewe. Jumamosi uwanjani ni jamaa wale wale. Mwenyekiti ananiambia angalia Springboks wa Afrika Kusini, angalia All Blacks wa New Zealand, fanya kama wao, na anataka tutoe shilingi 15,000 tununue wafuasi ili mdhamini akija aone peji imejaa. Nahodha naye juzi alikata video ya makosa ya refa akaiweka kwa peji, na kusema ukweli hiyo ndio posti iliyotembea kuliko zote mwaka huu. Sasa niko njia panda. Hizi timu za kulipwa zinafanya nini ambacho sisi hatufanyi? Na hiyo ya refa niifute ama niiache?"

Jibu:

Dadangu, nianze na yale ya haraka. Ile posti ya refa ifute leo hii, usingoje kikao, sababu nitakupa huko chini. Na hizo 15,000 mwambie mwenyekiti azishike kwanza, kuna kazi nyingine ya kuzipa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Nikikusoma vizuri, kinachokuuma si laiki ishirini, ni kwamba kuna watu 8,000 walishabonyeza wakasema tuko na nyinyi alafu Jumamosi huwaoni. Hilo ni tatizo la kweli na si lenu peke yenu, hata klabu za kulipwa kule Uingereza zinalilia hilo hilo, ila wao wameajiri watu, kuna wa video, kuna wa michoro, kuna wa kuandika na kujibu komenti, na wewe uko peke yako na simu moja na bando la kujinunulia. Kwa hivyo usijione umeshindwa.

Kitu cha kwanza nataka mwenyekiti akitoe kichwani ni hii imani kwamba peji ya Springboks ndio imeleta mashabiki wa Springboks. Hapana. Hao wamechukua Kombe la Dunia mara nne, 1995, 2007, 2019 na 2023, nchi nzima inasimama wakicheza, wakiposti picha ya kiatu kimoja tu itapata laiki maelfu. Sasa wewe ukiiga posta yao, rangi zile, maandishi makubwa, nahodha amekunja mikono, unaiga kile ambacho hata kwao hakikuleta mtu. Posta ya mechi inamfaa mtu ambaye tayari anataka kuja, inamwambia saa na uwanja, basi. Haimfanyi mtu atake kuja.

Kinachomfanya atake ni kumjua anayecheza. Na kwenye raga hili lina uzito kuliko kwenye mpira wa miguu kwa sababu moja ya wazi kabisa, watu wengi hawajui sheria zake. Refa akipuliza filimbi kwenye ule mrundiko wa watu chini, nusu ya uwanja hawajui kimetokea nini, na wengine walicheza huo mchezo shuleni miaka minne. Mtu asiyeelewa sheria atachoka dakika ya kumi. Lakini huyo huyo ukimpa mchezaji mmoja wa kumwangalia, anayemjua jina, anayejua anatoka wapi na anafanya kazi gani, atakaa dakika zote 80 akimtafuta kwa macho. Timu kubwa zimelielewa hili na ndio maana ukipitia peji zao vizuri, ukiondoa matokeo na posti za wadhamini, kinachobaki karibu chote ni watu.

Chukua Makazole Mapimpi. Kwenye Kombe la Dunia la 2019 kule Japani, wachezaji wa Springboks walitengenezewa jezi ambazo namba ya mgongoni imejazwa picha ndogo ndogo za watu wao wa karibu, kila mmoja akaambiwa alete picha za familia na marafiki. Mapimpi akaleta picha zake mwenyewe tu. Kocha Rassie Erasmus alipouliza mbona hivi, ikabainika hana wa kumweka, mama yake, dada yake na kaka yake wote walikuwa wameshafariki. Erasmus akaisimulia hiyo habari mbele ya kamera baadaye, ikakatwa kipande kifupi, na hicho kipande kikazunguka mpaka kikafika kwa watu ambao maishani hawajawahi kuangalia raga. Na ni huyo huyo Mapimpi aliyefunga trai, yaani kuugusisha mpira chini ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, kwenye fainali dhidi ya England, trai ya kwanza kabisa ya Afrika Kusini kwenye fainali ya Kombe la Dunia, manake 1995 na 2007 walishinda kwa mikwaju tu. Ukishaijua habari ya jezi alafu ukairudia trai hiyo huiangalii tena kama pointi tano. Unaangalia kijana fulani ambaye unamjua, unamtakia mema.

Sasa niambie, hapo nguvu ilikuwa kwenye kamera? Ni mtu mzima amekaa kwenye kiti anasimulia habari ya kijana wake. Hiyo simu yako inaweza.

Mfano wa pili ndio unawafaa zaidi kwa sababu unahusu klabu na unahusu mlango wa uwanja. Ilona Maher ni mchezaji wa Marekani, raga ya wachezaji saba. Watu walianza kumfuata kwa wingi wakati wa Olimpiki ya Tokyo, ile iliyochezwa 2021, alikuwa akijirekodi kwa simu kule kwenye kijiji cha wanamichezo, utani na wenzake, maisha ya kawaida tu. Kabla ya Paris 2024 kuna mtu akamkomentia kuhusu uzito wake, yeye badala ya kununa akajibu kwa video, akaeleza vile vipimo vya uzito na urefu na kwa nini havimpimi sawa mwanamichezo aliyejaa misuli, wasichana wengi sana wakaipokea. Paris wakachukua shaba kwa kuwafunga Australia 14-12 kwa trai ya dakika ya mwisho, na siku hiyo hiyo mfanyabiashara Michele Kang akatangaza kuipa timu hiyo ya wanawake dola milioni 4. Mwisho wa 2024 klabu ya Bristol Bears ya Uingereza ikamsajili kwa miezi mitatu. Wanawake wa Bristol kawaida wanacheza Shaftesbury Park, uwanja mdogo. Klabu ikaihamisha mechi ya kwanza ya Maher, ya tarehe 5 Januari 2025 dhidi ya Gloucester-Hartpury, ikaipeleka Ashton Gate ambako timu yao ya wanaume inacheza, na wakaja watu 9,240, rekodi ya wakati huo kwa timu hiyo ya wanawake. Mechi yenyewe walifungwa.

Nataka uangalie vizuri ni nani alifanya nini hapo. Maher alileta macho ya watu, sawa. Lakini macho hayakuingia uwanjani yenyewe, kuna mtu ndani ya klabu aliamua tuhame uwanja, akafungua tiketi wakati habari bado ya moto, akahakikisha aliyeona video leo ana mahali pa kubonyeza leo. Hiyo ndio nusu ya kazi ambayo haionekani kwenye peji na ndio nusu ambayo watu wakiiga wanaiacha. Na niseme ukweli pia upande wa pili, staa anakuja na anaondoka, miezi mitatu ikiisha anabeba wafuasi wake, kwa hivyo klabu isiyotumia muda huo kuwajulisha watu wachezaji wake wengine inabaki pale pale.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kila wiki mchezaji mmoja. Si wote, mmoja. Tuseme propu wenu, yule wa mstari wa mbele kwenye skramu, anashusha magunia soko la Kongowea, mfuate asubuhi kabla jua halijawa kali, mrekodi akipokea gunia begani, video ianzie hapo hapo gunia linapotua, usianze na nembo ya klabu inazunguka zunguka manake hizo sekunde mbili tatu za kwanza ndio mtu anaamua akae au apite. Mwache aongee mwenyewe Kiswahili chake cha kila siku, gunia lina kilo ngapi, amebeba mangapi toka alfajiri, alafu muulize skramu, ule msukumano wa timu mbili, inauma wapi. Atakuambia shingo, atakuambia masikio, muombe ayaonyeshe. Muulize Jumamosi anasukumana na nani, na huyo jamaa mara ya mwisho alimfanya nini. Akisema kwamba mwaka jana alisukumwa akarudi nyuma hatua tatu na hajalala vizuri tangu siku hiyo, umeshapata mechi ya kuangalia ndani ya mechi. Mwisho anataja saa na uwanja kwa mdomo wake. Sekunde 40, isizidi dakika. Weka maandishi chini ya anachosema kwa sababu wengi wanaangalia wakiwa ndani ya matatu bila sauti. Na posta yako ya mechi iposti baada ya hiyo, sio kabla, na usiitarajie ifanye zaidi ya kutaja saa.

Kitu kingine ambacho timu za kulipwa wanacho na nyinyi mnaweza kukipata bure ni ile siku moja ya picha mwanzo wa msimu. Wao wanawaita wachezaji wote, mmoja mmoja anasimama mbele ya ukuta wa rangi moja, anatabasamu, anakasirika, anaonyesha jina mgongoni, anacheza kidogo, anataja jina lake na kijiji chake. Nusu siku imeisha. Baadaye akifunga trai dakika ya 63 yule wa peji hatafuti kitu, video ya kushangilia iko tayari kwenye simu, anaibandika, sekunde chache iko hewani. Watu wanaona kama uchawi kumbe ilirekodiwa miezi minne nyuma. Nyinyi mnahitaji ukuta mweupe na mchana mmoja.

Alafu usidharau video za kufundisha sheria. Kwenye raga ya kulipwa refa amevaa maikrofoni na mtazamaji wa TV anamsikia akieleza anachopuliza, na vile vipande vya refa akiongea na manahodha vinapendwa sana mtandaoni kwa sababu vinamfungulia mtu mlango. Kwa nini pasi inarudi nyuma tu, kwa nini yule kashika mpira chini ikawa kosa, kwa nini raga ya wachezaji saba ina vipindi vya dakika saba saba. Swali moja, nusu dakika, basi. Na mtafute refa wa hapo kwenu akueleze yeye mwenyewe mbele ya kamera, maana baada ya hiyo video ya nahodha nadhani mna deni naye.

Tuzungumze hilo sasa. Ni kweli posti ile ilitembea, hasira inatembea, mtu akikasirika anakomenti, anamtumia mwenzake, wanabishana, na programu hizi zinachokiona ni watu wengi wamekaa hapo muda mrefu, hazijui wamekaa kwa mapenzi ama kwa matusi. Lakini angalia ilikowafikisha wakubwa. Julai 2021, baada ya Springboks kufungwa na British and Irish Lions, timu ya mseto ya Uingereza na Ireland, 22-17 kule Cape Town kwenye mechi ya kwanza, ikasambaa video ya dakika 62 ya Rassie Erasmus akichambua maamuzi ya refa Nic Berry moja moja. Iliangaliwa dunia nzima. World Rugby, wanaosimamia raga duniani, wakamfungia shughuli zote za raga miezi miwili na wakamzuia kazi za siku ya mechi mpaka mwisho wa Septemba 2022, na chama chao kikatozwa faini. Novemba 2022 akaposti tena vipande vya maamuzi, akafungiwa mechi mbili. Na refa Wayne Barnes, aliyechezesha mechi yao na Ufaransa mwezi huo, akatishiwa mtandaoni yeye na familia yake. Huyo huyo Barnes akachezesha fainali ya 2023 na siku chache baadaye akastaafu, na Tom Foley, aliyekuwa refa wa video kwenye fainali hiyo, akajiondoa kwenye mechi za kimataifa kwa sababu ya matusi na vitisho. World Rugby walikuwa wameshaajiri kampuni ya kufuatilia matusi hayo wakati wa mashindano na bado yakawafikia watu majumbani.

Sasa hao ni watu wenye vyama vikubwa na mawakili nyuma yao. Refa wenu wa mkoa ana nini? Wengi wanachezesha kwa nauli, Jumatatu wako kazini, watoto wao wako shule moja na watoto wa mashabiki wenu. Sitaki kukutisha ila kanuni za nidhamu za raga zinagusa maneno ya kuwachafua marefa na chama kinaweza kuifungulia klabu kesi kwa kilichowekwa kwenye peji rasmi, haijalishi ni nani alishika simu. Kama mna malalamiko ya kweli, na huenda mnayo, makocha wa kulipwa wanachofanya ni kukata vipande vya video na kuvituma kimya kimya kwa wasimamizi wa marefa wakiomba maelezo. Fanyeni hivyo. Mwambie nahodha simlaumu kwa uchungu wake, aliyefungwa kwa kuonewa anajua mwenyewe, lakini peji ya klabu si yake. Na kwenye mipangilio ya Facebook na Instagram kuna sehemu ya kuzuia maneno fulani kwenye komenti, ijaze leo kwa Kiswahili na Sheng, mashine haiyajui matusi yetu mpaka uiandikie.

Wafuasi wa kununua nitasema kidogo tu kwa sababu jambo liko wazi. TikTok na zile video fupi za Instagram hazitegemei sana idadi ya wafuasi, video inajaribiwa kwa watu wachache, ikionekana wanakaa, wanairudia, wanawatumia marafiki, inapelekwa kwa wengine zaidi. Ukijaza peji akaunti zilizokufa, unachoposti kinapelekwa kwa mizimu, hawabonyezi kitu, na mfumo unaamua kwamba hata wenye uhai hawatakipenda. Mdhamini mwenye akili naye hatazami namba ya juu, anashuka chini kuangalia posti kumi za mwisho, akiona wafuasi 40,000 na laiki 25 anajua amedanganywa na hapo hata ukweli wenu hauamini tena. Kampuni zenyewe zinakataza biashara hii na zikifagia, pesa imeenda. Hizo 15,000 nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, kishikio cha simu, na bando. Ikibaki chapisha karatasi za namba ya WhatsApp za kubandika getini.

Ndio, WhatsApp, na hapa nakaa kidogo. Timu za kulipwa hazitegemei Facebook wala TikTok kumfikia shabiki wao, mengi wanayoposti yana lengo la kumtoa huko na kumwingiza kwenye orodha yao wenyewe, ajiandikishe barua pepe, apakue programu yao, aliyejiandikisha anauziwa tiketi mapema kabla ya wengine. Kwa sababu peji si yako, kesho wakibadilisha mfumo wale 8,000 huwapati hata mia. Kwenu orodha hiyo ni chaneli ya WhatsApp au grupu. Anayelipa getini, anayekomenti "mechi ni saa ngapi", wote waambie waingie hapo, na humo usiweke porojo, weka saa ya mechi, kikosi, njia ya kufika, na kitu ambacho wa nje hawapati, tuseme kikosi kinatangazwa humo nusu saa kabla ya kwenda Facebook. Watu 200 wa humo watakujazia jukwaa kuliko 8,000 wa pale.

Ila usichukue namba za watu za M-Pesa getini ukawaingiza kwenye grupu bila kuwauliza. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na haichezi. Mwaka 2023 shule moja Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe ikatozwa 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja ambaye hakukubali. Kama mna timu ya watoto, na klabu nyingi zinayo, pata idhini ya mzazi kwa maandishi kabla ya kuweka picha hata moja. Vipande vya mechi iliyorushwa na TV navyo ni mali ya kituo, usivikate ukaweka, rekodi chako mwenyewe pembeni mwa uwanja. Na mchezaji akigongwa kichwa akalala chini, zima kamera. Usiposti hali yake mpaka familia ijue na daktari aseme, hata watu wakilia kwenye komenti "vipi fulani". Mama asijue habari za mwanawe kwa Facebook.

Utaniuliza, nikifanya haya yote uwanja utajaa? Siwezi kukuahidi. Klabu ya Wasps ya Uingereza walikuwa mabingwa wa Ulaya 2004 na 2007, jina kubwa, mashabiki mtandaoni hawahesabiki, Oktoba 2022 klabu ikashindwa kulipa madeni ikaingia mikononi mwa wafilisi, wiki chache baada ya Worcester Warriors, na London Irish wakafuata 2023. Peji nzuri haiokoi klabu iliyoharibika hesabu, na pia haimleti mtu kwenye uwanja usio na choo, usio na kivuli, ambako mechi ya saa tisa inaanza saa kumi na nusu. Mtu akija mara ya kwanza kwa sababu ya video ya propu wako, kitakachomrudisha mara ya pili kiko mikononi mwa mwenyekiti.

Jipe miezi mitatu. Weka mtu getini na daftari, kila sura mpya aulizwe ametusikia wapi, TikTok, rafiki, WhatsApp, kapita tu. Hiyo daftari ndio utampelekea mdhamini, namba ndogo ya kweli ina heshima yake. Usihesabu laiki kwa muda huo, najua ni ngumu.

Na kuna mahali maandishi yangu hayatoshi, utafute mtu wa ana kwa ana. Mkishapokea barua ya nidhamu au ya malalamiko ya data, nendeni kwa wakili kabla ya kujibu neno lolote, na ofisi ya Kamishna wa Data unaweza kwenda kuwauliza hata kabla ya shida. Mchezaji au refa akitishiwa, piga picha ya skrini yenye jina la akaunti na tarehe kabla haijafutwa, nendeni nayo kituo cha polisi, uhalifu wa mtandao una sheria yake tangu 2018. Na mchezaji ukiona ameandamwa kwenye komenti wiki mbili tatu alafu ameanza kukosa mazoezi, hali chakula vizuri, hajibu simu, usimwambie apuuze mitandao tu, mkalishe na mshauri nasaha au daktari, hilo si jambo la peji tena.

La mwisho ni la kiufundi. Hizo peji zisiwe kwenye simu yako peke yako. Ongeza msimamizi wa pili mnayemwamini, ondoa wote wasiohusika akiwemo nahodha kwa sasa, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uangalie ile barua pepe iliyofungulia akaunti ni ya nani, maana klabu nyingi zikija kuikumbuka mwenyewe alishahamia Qatar na nywila yake.